Kangaja Aliyetolewa Siku ya Idi

Mwanangu Somoe,

Salamu tutapeana alfajiri pale stendi, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari ya sweta, chaja, tiketi ya boti na namba ya shangazi yako wa Mbagala, maana hayo nimekuimbia mchana kutwa mpaka ukaziba masikio. Sasa hivi umekwenda kuaga majirani. Mgahawa nimeufunga mapema, nimekaa kwenye meza ya pembeni karibu na tangi la samaki, na hii ni kalamu yangu ya kuandikia oda, ndiyo maana inakwama kwama kwa mafuta. Ningekutumia sauti kwenye simu kama kawaida yangu, lakini ningelia katikati, na sauti yangu ya kulia unaijua, haifai kusikilizwa ndani ya basi lenye watu.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa vitumbua. Nalijua tumbo lako, kabla hamjafika Nangurukuru utakuwa umeshaiona.

Nataka tuzungumze juu ya jana. Ulikuwa umesimama uani, umeliinamia lile pipa, ukasema bila kunitazama, "Mama, ngoja niwaambie nitachelewa wiki moja." Ndani ya pipa yumo samaki mpya, yule kangaja wa buluu aliyeletwa na mjomba wako Hassani kutoka kwenye miamba ya Songo Mnara. Mwili mzima ana madoa meupe kama chembe za chumvi, na hali chochote. Huko Unguja hoteli imekupa kazi ya kutunza samaki wake, na imesema wazi kwamba asiyefika Jumatatu nafasi yake anapewa mwingine. Hayo unayajua kuliko mimi. Na bado ulikuwa radhi kuipoteza kazi. Haikuwa kwa sababu ya kangaja, mwanangu. Ni kwa sababu yangu. Unaogopa basi likishakata kona tu, mama yako atamhurumia mgonjwa, atachukua wavu, atamtia kwenye tangi kubwa, na Bibi Harusi, samaki wetu wa siku zote, atakufa.

Nilijifanya nimekasirika. Nikagonga sufuria, nikasema katika nyumba hii hata samaki hawaniamini. Ukweli ni kwamba una haki, na mji mzima unajua kwamba una haki.

Wewe ulikuwa mdogo baba yako alipolijenga tangi hili, sijui kama unakumbuka zaidi ya kelele. Alikuwa fundi wa vioo, anatengeneza madirisha na makabati ya sambusa. Kuna mtu aliagiza madirisha makubwa kisha akaghairi, vioo vikabaki vimeegemezwa ukutani mpaka mbuzi wa jirani akawa anajitazama humo. Mimi nikataka vitoke makabati mawili ya maandazi. Yeye akasema atanijengea bahari ndani ya mgahawa. Tuligombana siku nzima juu ya hiyo bahari! Akaijenga hivyo hivyo, akaipaka gundi, ikavuja, akaipaka tena. Halafu akatia samaki wadogo wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, akawaita Bwana Harusi na Bibi Harusi, kwa sababu walikuwa hawaachani hata dakika moja. Watoto wakaanza kuwaburuta wazazi wao kuja kunywa chai hapa ili wawaone. Sikumwambia kamwe kwamba alikuwa sahihi. Alijua mwenyewe, maana alikuwa ananikonyeza kila mteja akiingia.

Kisha akafariki, na mimi nikakaa eda.

Sijawahi kukusimulia vizuri ile eda. Kwa watu nilisema nimeipokea, na niliipokea kweli, ni haki ya mume na ni amri ya Mungu. Lakini unanijua nilivyo. Mimi ni mtu wa kusimama mlangoni na kijiko mkononi, nimjue nani kapita na kabeba nini. Kukaa ndani, bila hina, bila soko, bila kelele za wateja, kuliniumiza vibaya. Nikawa najiona nimewekwa kando kama chungu kilichopasuka. Wewe ulikuwa ukirudi shule unakuja kukaa mkekani pamoja nami, hata sare hujavua, unanisomea mtaa wote. Nani kapaka rangi duka, nani kaanguka na baiskeli. Baada ya hapo ulikuwa unanieleza habari za tangi, kwamba Bwana Harusi kala, Bibi Harusi kamfukuza kaa. Nilikuwa nikingojea habari hizo kuliko chakula.

Kwa hiyo nilipotoka nilijiapia kwamba nyumbani kwangu hakuna kiumbe atakayekaa peke yake chumbani akiwa na majonzi au ugonjwa. Huo ndio mzizi wa yale ya Idi. Wewe ulidhani mimi ni mbishi tu. Mbishi ni mimi, sikatai, lakini siku ile haukuwa ubishi.

Ulikuwa kidato cha tatu na umeshaanza mambo yako ya kujifunza kwenye simu. Mjomba wako alileta kangaja wa kwanza, na wewe ukamweka kwenye pipa uani, ukasema yuko karantini. Mjomba akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu katoka baharini mwenyewe, mzima, anapiga mkia. Dada, mtoto wako kamkaribisha mgeni au kamfunga?" Mimi nikaona aibu kabisa. Mgeni kwetu anapewa kiti na maji kabla hajaulizwa jina, na wewe umemtia kwenye pipa nyuma ya jiko.

Siku chache baadaye madoa meupe yakamjaa mwilini, nikaacha kulalamika. Nikakuona unavyohangaika. Ukafunga kitambaa cheusi upande mmoja ili asishtuke, ukamwekea kipampu cha hewa cha betri kwa ajili ya umeme ukikatika. Ukauosha mkono wako kila ukitoka pale kabla hujagusa tangi kubwa. Ukanunua wavu mwingine mdogo, ukaufunga uzi mwekundu kwenye mpini, ukasema huu ni wa pipa tu, hauingii kwingine hata kwa bahati mbaya. Mimi nikaleta majani ya mwarobaini na kitunguu saumu nilichotwanga mwenyewe. Ukaniangalia kwa upole, ukasema, "Mama, huko ni kumtengenezea mchuzi." Nilikasirika, lakini nikaenda kucheka jikoni.

Basi ikafika Idi. Wewe ulikwenda kuswali, mimi nikabaki na biriani. Nikapita uani, nikachungulia pipani, na nakuapia, hakuwa na doa hata moja. Buluu tupu, anang'aa, anazunguka. Nikasema alhamdulillahi, kapona. Na kule ndani wenzake wako kwenye tangi lililosafishwa, watu watakuja na kanzu zao na watoto na nguo mpya, na huyu abaki nyuma ya jiko siku ya sikukuu? Siku ya Idi hata mtu mliyenuniana naye mwaka mzima mnapeana mkono. Nikauchukua wavu wenye uzi mwekundu, nikamtoa, nikamtia kwenye tangi kubwa. Nikapiga na kigelegele. Mjomba wako akanijibu kutoka barazani bila kujua ni cha nini.

Uliporudi ulisimama hapo mlangoni na baibui lako jipya. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Mama, madoa yakidondoka siyo kwamba kapona. Vijidudu vimeshuka chini kuzaana." Nikakwambia usituletee mikosi siku kubwa.

Wewe unajua yaliyofuata, sina haja ya kuyachora. Walikufa mmoja mmoja. Kangaja mwenyewe, samaki wengine wawili wa tangini, wale vitatange, kisha asubuhi moja Bwana Harusi, amelala ubavu kwenye kona aliyokuwa akiipenda. Alikuwa samaki tu, naambiwa, na mgahawa wangu unapika samaki kila siku. Lakini yule alitiwa humo kwa mkono wa baba yako. Nilimzika chini ya mpapai nikiwa peke yangu, na siku ile ndiyo nilijua kwamba bado sijamaliza kumlilia mume wangu.

Sasa sikiliza kile ambacho sikuwahi kukwambia, kwa sababu ulimi wangu ni mwepesi kwa kila kitu isipokuwa sifa. Wiki zile nilikutazama, na nikastaajabu nimezaa mtu gani.

Ulimtoa Bibi Harusi, ukampa beseni lake lenye maji mapya ya bahari. Baada ya siku chache ukamhamishia beseni la pili, lile la kwanza ukalimwaga, ukalisugua, ukalianika juani mpaka likakauka kama sahani ya kabatini. Kisha tena, na tena. Ukanieleza kwamba vijidudu vinavyodondoka vinabaki chini ya beseni, na vinapokuja kutoa watoto wao samaki ameshahama, hawana wa kumshika. Hakuna dawa uliyotia. Mjomba alileta kichupa cha dawa ya shaba alichopewa na mtu, nami nikafurahi kwamba hatimaye kuna dawa. Ukakikataa. Ukasema dawa hiyo ikizidi inamuua samaki, ikipungua haiviui vijidudu, na sisi hatuna cha kupimia, kwa hiyo haiingii kwenye beseni. Mtoto wa kidato cha tatu, mbele ya mjomba wake na mama yake, na wote wawili tunakulazimisha! Na kichupa kilirudi mfukoni kwa mwenyewe.

Maji uliyabeba kwa ndoo kutoka ng'ambo ya gati kwa sababu ya karibu yana mafuta ya boti. Mabega yalikuuma. Na kila jioni ulikuwa ukiweka kigoda karibu na beseni, unafanya hesabu zako pale pale. Nikakuuliza kwa nini usikae mezani penye taa nzuri. Ukajibu, "Nikikaa hapa haogopi kula." Mwanangu, nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Kwa sababu ndivyo ulivyokaa na mimi mkekani, na sare yako. Mimi nilidhani kumweka mtu kando ni kumtupa. Wewe, mtoto, ulikuwa umeshajua kwamba inawezekana kumtenga mtu na bado usimwache, na ulikuwa umenifanyia mimi kabla hujamfanyia samaki yeyote.

Tangi kubwa nalo ukaliacha na maji matupu, hakuna samaki, kwa muda mrefu nilioona hauishi, eti vijidudu vife kwa njaa. Wateja walinimaliza. "Mama Somoe, hayo maji yanachemka lini?" "Mama Somoe, tia chumvi basi, tunywe supu." Nilitamani kulifunika kwa khanga. Kila nikikuomba tutie hata mmoja, unasema bado. Bado, bado! Nilikuwa naota hilo neno. Siku ulipomrudisha Bibi Harusi humo, mzima, akazunguka akaenda kwenye ile kona, nilitumikia wateja chai bila sukari asubuhi yote na hakuna aliyethubutu kusema.

Tangu siku ile wavu wenye uzi mwekundu umekaa chumbani kwako, kwenye msumari ulio juu ya kitanda chako. Hujanikataza kuugusa. Hukuhitaji.

Nakuandikia haya kwa sababu kesho wewe ndiye unayekwenda kuwa mpya mahali, na juu ya hilo mama yako ana makosa yake mengine ya kukupa bure. Nilipoletwa hapa Masoko kutoka Mchinga nikiwa bi harusi, nilitaka nipendwe wiki ile ile. Nikaingia kila nyumba. Nikasimulia siri zetu zote za Mchinga, nikaazimisha vyombo vyangu vya harusi, nikamwita dada yangu mwanamke niliyemjua tangu juzi. Mwezi haujaisha nimegombana na mtaa mzima, na mabakuli mengine mpaka leo nayaona kwa watu nanyamaza. Haikuwa roho mbaya yao wala yangu. Nilikuwa na haraka tu, na wao hawakuwa wamepata nafasi ya kunitazama.

Wewe hukurithi haraka yangu, kwa hiyo sikuhubirii. Kitu kimoja tu nakuomba. Watu wa huko huenda wakakuweka pembeni kwanza. Hawatakupa funguo, hawatakuita kwenye chai yao, watakuangalia unavyonawa mikono na unavyoshika wavu. Usije ukajilaza usiku ukasema wamenichukia. Wewe zaidi ya mtu yeyote unajua kwamba kuwekwa pembeni si kuchukiwa. Kula vizuri, wape muda. Na ukiona upweke unazidi, nipigie, nitakusomea mtaa wote, nani kapaka rangi duka na nani kaanguka na baiskeli. Hiyo ni zamu yangu sasa.

Nilikusikia siku ile ulipozungumza na bwana wa hotelini kwenye simu. Uliweka sauti ya nje ukidhani niko sokoni. Akakuuliza, samaki mpya akija mzima kabisa, hana doa, anakula vizuri, utamfanya nini? Ukajibu hapo hapo, "Nitamtenga vilevile." Akakuuliza, na meneja akisema wageni wanataka kumuona leo? Ukasema, "Nitamwambia bado." Nilikuwa namimina chai ya mteja, nikaimimina mpaka ikavuka kikombe, ikavuka sahani, ikamfikia kwenye suruali. Akaniuliza, "Vipi tena, Mama Somoe?" Nikamwambia mwanangu anapata kazi. Na hata kama usingeipata, Somoe, mimi nilikuwa nimeshashiba.

Baba yako angetembea mji mzima na habari hii. Angesimama dukani, angesimama msikitini baada ya swala, mpaka watu wangemkimbia. Kwa kuwa hayupo, nimeifanya mimi hiyo kazi. Ndiyo maana leo majirani wamekuchelewesha, kila mmoja nilishamwambia mara tatu.

Sasa turudi kwa kangaja. Mchana ulinionyesha mabeseni mawili, ukanionyesha pa kuanika, ukanionyesha uduvi wa kumkatia vipande vidogo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sura yako ilikuwa haijaridhika, na mimi sikuwa na la kukuridhisha, maana ahadi zangu unazijua uzito wake. Ukaingia ndani kufunga begi. Nikasema moyoni, huyu kesho hapandi basi. Atafika stendi na atarudi na begi lake kichwani, na kazi itapotea, na sababu itakuwa ni mimi.

Kisha umetoka kwenda kuaga, nami nikaingia jikoni kuchukua mwiko. Kwenye msumari wangu, ule wa karibu na jiko ambao hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kutundika kitu, mwiko haukuwepo. Umeulaza juu ya kabati. Kwenye msumari pametundikwa wavu wenye uzi mwekundu.

Hukuniambia kitu. Na mimi sitakwambia kitu kesho, tutazungumza habari za vitumbua na begi mpaka kondakta atufokee. Lakini nimekaa nao hapa mezani tangu nianze kuandika. Ule uzi umefifia, nitaufunga mpya. Yule wa pipani nimemtazama kabla sijakaa, bado hajala, na madoa yamepungua. Nimeyaona yamepungua, na nimemwacha pale pale alipo. Nimemwekea kigoda, nikimaliza kuandika nitakwenda kukaa naye. Wageni waje, Idi ije, mjomba wako acheke mpaka avunje kiti, mimi nitasema bado.

Nenda, mwanangu. Wavu ninao mimi.

Mama yako